Ningalijua Huja Nyuma: Juu ya Haki ya Kulaumu Baada ya Tukio

Kila mwalimu wa Kiswahili, awe anafundisha mahali ambapo lugha hii ni ya nyumbani au, kama wengi wetu, katika nchi jirani ambamo ni lugha ya kujifunza, hufika siku moja kwenye viambishi -nge- na -ngali-. Huandika ubaoni sentensi mbili tatu. Hueleza kwamba -nge- hutumika kwa jambo ambalo lingewezekana sasa lau sharti lake lingetimia, na -ngali- kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita wala hautarudi. Kisha, ili somo likae vichwani, hutoa methali: Ningalijua huja nyuma. Wanafunzi huinakili, kengele hulia, na somo huishia hapo.

Madhumuni ya makala haya ni kuirudia methali hiyo baada ya kengele. Ndani yake mna swali ambalo si la sarufi peke yake, bali ni la haki: je, yafaa kumlaumu mtu kwa ujuzi ambao tumeupata baada ya tendo lake? Swali hili hutukuta nyumbani, barazani, shuleni na hata mahakamani, na mara nyingi tunalijibu kabla ya kulifikiri.

Tuanze na maneno. Kiswahili kina maneno mengi ya kumwambia mtu kwamba amekosa. Twaweza kumlaumu, kumkemea, kumkaripia, kumshutumu, kumsuta au kumsimanga. Maneno haya si sawa. Anayesuta huja na ushahidi: wewe ulisema hivi siku fulani, na huyu hapa aliyekusikia. Anayesimanga, kwa upande mwingine, hana haja ya ushahidi. Yeye huichukua shida ya mwenziwe na kumrudishia usoni ili imuume mara ya pili. Lakini neno moja mahsusi la kumkosoa mtu kwa kutumia ujuzi uliopatikana baadaye halipatikani kwa urahisi. Wamarekani wana msemo wao, ambao umekuwapo tangu miaka ya 1930. Mpira wao wa miguu huchezwa zaidi mwishoni mwa juma. Basi mtu anayekaa ofisini asubuhi ya siku ya kazi na kueleza jinsi kiongozi wa mashambulizi alivyopaswa kuutupa mpira, wao humwita mchezaji wa Jumatatu asubuhi. Yeye hapotezi mpira hata mara moja, kwa kuwa mechi imekwisha kuchezwa.

Sisi hatuna jina hilo, lakini tunacho kitu kingine kilicho karibu nalo. Kutokana na mzizi -jua tumepata majina matatu yanayofanana kwa sauti na kutofautiana sana kwa maana. Mjuzi ni mwenye maarifa. Mjuaji ni yule anayejionyesha kuwa hakuna asilolijua. Mjuvi ni mtovu wa adabu, mwenye kujitia katika yasiyomhusu. Anayelaumu baada ya tukio hujiona mjuzi. Wanaomsikiliza humwona mjuaji. Na akizidi, aliyefikwa na msiba humwona mjuvi. Lugha imekwisha kumpima, ijapokuwa haijampa jina.

Sasa tuitazame methali yenyewe. Imekichukua kitenzi kizima, chenye nafsi, hali na mzizi, ikakigeuza kuwa kama mtu anayetembea njiani: Ningalijua huja nyuma. Huyu Ningalijua hatangulii kamwe. Hufuata nyayo za waliokwisha kupita, na kwa sababu anafuata nyayo, huona waziwazi mahali walipoteleza. Yafaa pia kuangalia nafsi iliyomo. Methali haikusema Ungalijua, wala Angalijua. Imesema Ningalijua. Wazee walioitunga waliyaweka majuto katika kinywa cha mwenye kujuta. Sisi tunapoibadilisha silabi moja tu, ni- ikawa u-, majuto hugeuka kuwa lawama. Na tunapoifanya a-, mtu mwenyewe akiwa hayupo, hugeuka kuwa hukumu. Badiliko ni la herufi chache, lakini mzigo umehama kutoka bega moja hadi jingine.

Tuchukue mfano mdogo. Mtoto ametumwa maji. Njia za kwenda kisimani ni mbili: ya chini, ambayo kila mtu hupita, na ya juu, ambayo ni ndefu zaidi. Mtoto amepita ya chini kama siku zote. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha na kuulegeza ukingo wa kijito. Ukingo umebomoka, mtoto ameanguka, chungu kimevunjika. Anarudi nyumbani mikono mitupu, goti linatoka damu, na mama anamwambia: “Ungalipita njia ya juu, chungu kisingalivunjika.”

Je, maneno ya mama ni ya kweli? Hapana shaka ni ya kweli. Lakini ni ya kweli kuhusu nini? Ni ya kweli kuhusu sababu na tokeo: njia ya juu haikubomoka, na chungu kilichopita huko kingalifika salama. Sentensi hii haijasema lolote juu ya kosa la mtoto. Ili iwe lawama ya haki, yahitaji wenzake wawili.

Mwenzake wa kwanza ni huu: “Ungalijua kwamba ukingo umelegea, ungalipita njia ya juu.” Sentensi hii nayo ni ya kweli. Lakini hebu tuisikilize vizuri. Haimlaumu mtoto, bali inamwachilia, kwani yashuhudia kwamba mtoto alikosa habari na hakukosa utii wala akili. Kusema ungalijua ni kukiri kwamba hukujua.

Mwenzake wa pili ni huu: “Ulipaswa kujua.” Hapa ndipo lawama hasa inapokaa. Na hii, ndugu msomaji, haithibitishwi na chungu kilichovunjika. Yahitaji ushahidi wake yenyewe, na ushahidi huo lazima uwe wa kabla ya tukio. Je, mtoto aliambiwa? Je, aliziona nyufa? Je, ni desturi ya kijiji kwamba baada ya mvua hakuna apitaye chini? Ikiwa ndivyo, mama ana haki. Ikiwa sivyo, mama hajalaumu, amesimanga.

Basi lawama ya nyuma ni ile inayoruka kutoka sentensi ya kwanza hadi ya tatu pasipo kukanyaga ya pili. Hutoka kwenye “ungalifanya” ikatua kwenye “ulipaswa kujua”, na ile “ungalijua” iliyo katikati, yenye kumtetea mtuhumiwa, ikaachwa nje kama shahidi aliyenyimwa nafasi ya kusema.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini turuke hivyo, ilhali sisi si wabaya wala si wajinga? Mwaka 1975 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Baruch Fischhoff, aliuchunguza udhaifu huu. Aliwapa watu habari za vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali, vita ambavyo wasomaji wake hawakuvijua vizuri. Baadhi yao hakuwaambia vilivyokwisha. Wengine aliwaambia mwisho fulani, kila kundi na mwisho wake: kundi hili kwamba Waingereza walishinda, kundi lile kwamba Wagurkha walishinda, na kadhalika. Kisha aliwauliza wote: kwa habari hizi, mwisho upi ulielekea zaidi kutokea? Kila kundi liliuona ule mwisho lililoambiwa kuwa ulikuwa na uwezekano mkubwa kuliko walivyouona wale wasioambiwa kitu. Hata walipotakiwa kujibu kana kwamba hawakuambiwa, hawakuweza kujivua ujuzi ule.

Katika uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, yeye na mwenzake Ruth Beyth walitumia majibu ya watu waliokuwa wameulizwa mapema juu ya safari za Rais Nixon huko Beijing na Moscow mwaka 1972: lipi litatokea, lipi halitatokea. Baada ya safari waliwataka watu walewale wakumbuke walivyojibu. Kwa yale yaliyotokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa na hakika zaidi kuliko walivyokuwa kweli. Hawakusema uongo kwa makusudi. Ujuzi mpya ulikuwa umeingia kichwani na kujichanganya na ule wa zamani kama maziwa katika chai, na hakuna awezaye kuyatenga tena.

Kwa hiyo anayesema “mimi nilijua tu” mara nyingi anasema anachokiamini, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwongo hujua kwamba ana jambo la kuficha, huyu hajui.

Hata hivyo, pana hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Mtu atasema: mkizuia lawama ya baada ya tukio, mtakuwa mmewajengea wakubwa ngome. Kila aliyezembea atasema “hatukujua” na kwenda zake. Zaidi ya hayo, watu hujifunza kwa makosa. Na kosa halionekani kuwa kosa mpaka limekwisha kutendeka. Wazee waliosema ningalijua huja nyuma ndio haohao waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hoja hii naikubali, na naona kwamba methali hizo hazipingani. Ufa ni kitu kinachoonekana kabla ukuta haujaanguka. La mkuu ni neno lililosemwa kabla guu halijavunjika. Methali zote mbili zadai ushahidi uleule tulioudai kwa mama: wa kabla. Wala hatusemi kwamba lawama baada ya tukio ni haramu. Lawama yoyote ya haki huja baada ya tukio, kwani kabla yake hakuna la kulaumia. Tunachosema ni kwamba lawama yaweza kuja nyuma, lakini ushahidi wake sharti uwe umetangulia.

Tuipime kanuni hii kwa mambo mazito zaidi ya chungu. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na watu waliokuwa hai ndani yake walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imefungiwa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiielekeza meli juu, ikatoka kwa kishindo. Maji yakachukua nafasi yake, na meli ikazama.

Tangu siku ile wengi wamesema: wasingalitoboa. Sentensi hiyo ni ya aina ya kwanza, ya sababu na tokeo. Mwalimu wa sayansi aweza kuionyesha kwa bilauri iliyofudikizwa katika ndoo ya maji. Lakini tujaribu kusimama pale juu ya chuma, tukisikia mkono wa mtu ukigonga chini ya miguu yetu. Kusubiri nako kulikuwa na bei yake, na aliyeshika kifaa hakujua ni dakika ngapi zimebaki kwa wale waliokuwa ndani. Kumwambia mtu yule “ulipaswa kujua” ni kumpa yeye peke yake mzigo wa watu wengi. Kama pana waliopaswa kujua namna ya kuokoa watu katika meli iliyopinduka, ni wale ambao kazi yao ilikuwa kujiandaa kwa siku kama ile, wakaweka wapiga mbizi na vifaa, kabla siku haijafika. Hivyo kanuni yetu haikuifuta lawama. Imeitafutia mlango unaostahili kubishwa.

Na katika msiba huohuo lipo jambo jingine, ambalo halikuhitaji Ningalijua hata kidogo. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Idadi ya waliopanda ingaliweza kuhesabiwa gatini, kwa macho, jioni ya tarehe 20, wakati meli ingali imefungwa kwa kamba. Huu ndio ufa. Anayelaumu hapa hajawa mchezaji wa Jumatatu, kwani haombi mtu yeyote awe nabii. Aomba tu kwamba mwenye jukumu la kuhesabu angalihesabu. Katika tukio moja, basi, zimo lawama mbili zinazofanana kwa sauti, na moja ni ya haki kuliko nyingine. Kazi ya akili ni kuzitenganisha.

Mfano wa pili ni mzito kuliko huo, na kwa wasomaji wengi wa nchi zetu hizi si habari ya mbali. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, viongozi wengi wa dunia walisema kwa namna mbalimbali kwamba hawakujua, au hawakujua vya kutosha. Tufanye nini na neno hili “hatukujua”? Tusilikatae kwa hasira tu, wala tusilikubali kwa heshima tu. Tuulize: upo ushahidi wa kabla? Upo. Tarehe 11 Januari 1994, karibu miezi mitatu kabla ya mauaji kuanza, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa jeshi la Umoja wa Mataifa nchini humo, alipeleka ujumbe makao makuu, New York, akieleza habari za maghala ya silaha na hofu ya mpango wa kuangamiza watu, na nia yake ya kuyavamia maghala hayo. Alijibiwa asifanye hivyo. Mwezi Desemba 1999, tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, Waziri Mkuu wa zamani wa Sweden, ilieleza wazi kwamba Umoja wa Mataifa ulishindwa kutimiza wajibu wake.

Hapa anayelaumu hasimangi. Anasuta, kwa maana kamili ya neno lile. Ana karatasi mkononi, na karatasi ina tarehe. Ningalijua hana nafasi mahali ambapo Niliambiwa amekwisha kufika.

Turudi sasa madarasani kwetu, kwani mwalimu naye ni hakimu mdogo wa kila siku. Matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani, walimu husikika wakisema: “Huyu tulijua tu kwamba atashindwa.” Je, tulijua? Ikiwa tulijua, lawama ni yetu, kwani tulimwona mtoto akielekea shimoni tukanyamaza. Na ikiwa hatukujua, basi tumesema lisilo kweli juu ya mtoto asiye na njia ya kutujibu. Hakuna upande ambao kauli hiyo inatupa heshima. Ingefaa kila mwalimu aandike katika daftari lake, muhula ungali katikati, anachokihofia kwa kila mwanafunzi na hatua aliyoichukua. Siku ya matokeo daftari hilo litamsuta au litamtetea, nalo halitakumbuka zaidi ya lilivyoandikiwa.

Na tunapofundisha -ngali-, tusiishie kwenye umbo. Tuwape wanafunzi sentensi zile tatu za mama na chungu, tuwaulize ni ipi inayolaumu, ni ipi inayoeleza, na ni ipi inayosamehe. Wataona kwamba kiambishi kidogo chaweza kubeba tofauti ambayo watu wazima huipoteza wakiwa na hasira.

Limebaki jambo moja. Nimesema kwamba methali yetu imo katika nafsi ya kwanza. Wapo watu ambao hakuna anayewalaumu, lakini wao wenyewe hawajajiachilia. Kando ya ziwa letu yuko mtu aliyemsindikiza nduguye gatini, akamwambia safari njema, na tangu siku ile husema moyoni: ningalijua, ningalimzuia. Hulisema kama mtu anayeungama kosa. Lakini tumekwisha kuona maana ya sentensi ile. Ni ile ya pili, ile ya katikati, inayoshuhudia kwamba mwenye kuisema hakujua. Kila anapoirudia anadhani anajihukumu, kumbe anasoma hati ya kuachiliwa kwake mwenyewe, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Methali hii kwa kawaida hutolewa kama onyo: angalieni, msije mkajuta. Onyo hilo ni jema. Lakini ina maana nyingine ambayo ni ya huruma, nayo imo katika sarufi yake, na mwalimu wa lugha ndiye anayefaa kuieleza. Ningalijua huja nyuma; basi asiulizwe mtu kwa nini hakuja naye.